Honi Yenye Mkia

Mimi naweza kuiga sauti ya kitu chochote chenye injini au chenye cheo. Hedmasta wetu namtoa mzima mzima, pamoja na kile kikohozi anachokitanguliza mbele ya kila amri, kama pikipiki ya polisi mbele ya gari la mkubwa. Kasisi namweza. Basi la asubuhi la kwenda Kisumu, likishindwa na kilima, naliweza mpaka wanafunzi wa dawati la mbele wanajifanya kushuka kusukuma. Kwa hivyo darasani nina marafiki wengi sana, na jioni naenda nyumbani peke yangu. Jambo hili nimelichunguza. Watu wanampenda mcheshi vile wanavyopenda moto wa jirani. Wanakuja kuota, wakishapata joto wanarudi kwao, na hakuna anayeuliza kuni zilitoka wapi.

Sauti moja tu sijawahi kuiga mbele ya watu. Honi ya baba yangu.

Nyumba yetu iko kando ya lami, ukitoka Busia mjini unaelekea Matayos. Ndani tuko watu wawili, mimi na mama, kwa sababu dada yangu aliolewa Bumala, na huko ana watoto, kuku na mama mkwe, yaani ana shughuli. Baba alikuwa dereva wa lori. Alipakia chumvi na sabuni, vitu ambavyo miaka hiyo ng'ambo ya mpaka vilikuwa adimu kama mvua ya Januari, akapeleka Kampala, akarudi. Akimaliza na watu wa forodha pale mpakani, nyumba ya kwanza ya maana njiani ilikuwa yetu. Basi akifika kwenye duka la mabati lililo chini ya kilima, anapiga honi: pi-pi, piiiii. Mbili fupi, moja ndefu.

Mgeni lazima aelewe hapa. Kwetu, honi si ya gari, ni ya mtu. Kila dereva wa njia hii ana yake, na mke wake anaijua kuliko anavyojua sauti yake akiongea, maana honi anaisikia mara nyingi zaidi. Wanawake wa barabara yetu hawapiki kwa saa, wanapika kwa honi. Mama akisikia pi-pi, piiiii, sufuria ya maji iko motoni. Mpaka baba apande kilima, aegeshe, ateremke, agombane kidogo na tanboi wake, yaani utingo, kuhusu turubai, ateme mate, anyooshe mgongo na kuuliza kama nyumba hii ina watu, maji yamechemka na unga unaingia. Ni mpango mzuri lakini una hatari zake. Kuna mke mmoja wa dereva pale Bumala alichinja jogoo kwa honi ya mumewe, kumbe ni fundi anaitengeneza na kuijaribu. Fundi alikula. Angefanyaje, na kuku ameshakufa?

Watu husema kazi ya dereva ni kwenda. Mimi nimekaa kando ya barabara tangu nizaliwe, na nasema kazi ya dereva ni kungojea. Anangojea mizigo, anangojea muhuri, anangojea karani arudi kutoka kula. Pale mpakani Malaba nimeona malori yamejipanga mpaka matairi yanaota nyasi na madereva wanafahamiana mpaka urafiki unaanza kuoza. Na nyumbani nako watu wanamngojea yeye anayengojea. Ni kama mnyororo. Ukikata pete moja, wote waliobaki hawajui, wanaendelea tu kushika.

Pete ilikatika mchana mmoja wa Jumamosi. Nilikuwa napasua kuni, yaani nimekaa juu ya gogo na shoka nimeliegemeza. Honi ikapiga chini ya kilima, pi-pi, piiiii. Mama akaweka maji. Lori likapanda pole pole sana, gia zinalia kama mbuzi, nikasema moyoni, leo mzee amelewa. Likaegeshwa vibaya, tairi moja ndani ya mtaro. Aliyeteremka upande wa usukani alikuwa tanboi.

Tanboi wake ni kijana wa Kakamega, mwenye suruali ya miguu mipana na nywele kubwa kama kiota. Siku zote alikuwa akiteremka kwa kuruka. Siku hiyo aliteremka kwa ngazi, mguu mmoja mmoja, kama mzee.

Mama alikuwa mlangoni na mwiko mkononi. "Mwenzako yuko wapi?"

"Mama, shikamoo."

"Nimekuuliza mwenzako yuko wapi."

Akasema walisimamishwa na askari kwenye kizuizi, ndani ya msitu, kabla ya kufika Jinja. Waliangalia makaratasi, wakasema ni sawa. Halafu mmoja akamwita baba, njoo kidogo, kuna kitu utueleze. Baba akazima gari, akamwachia tanboi funguo. Wakamwingiza kwenye gari dogo. Tanboi akaambiwa, wewe endesha, mzee wako atakuja na gari lingine.

"Na wewe ukaendesha?" mama akauliza.

"Mama, walikuwa na bunduki."

"Kama hajaja, ulipiga honi yake kwa nini?"

Nakumbuka alivyotazama lori, halafu mama, halafu lori tena, kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua. "Si gari likifika pale linapiga hivyo?" akasema. "Siku zote linapiga hivyo. Nilifikiri... ni njia ya kubisha hodi."

Maji yalikuwa yanachemka. Mama akasonga ugali, tukala watatu. Sijui nani alikula sehemu ya baba. Nadhani ni mimi.

Tajiri mwenye lori, mtu wa Kisumu, alikuja, akasikitika dakika chache, kisha akampa tanboi usukani rasmi. Sikumlaumu. Chumvi haijui kuomboleza. Kabla ya safari yake ya kwanza, kijana akaja kwa mama, kofia mkononi. "Mama, nikipita hapa nipige ile honi au niache? Nikiacha naona kama namzika. Nikipiga naona kama namwibia."

Mama akafikiri. Akasema, "Piga. Lakini mwisho uongeze moja fupi, nijue ni wewe."

Basi ikawa hivyo: pi-pi, piiiii, pi. Mimi niliiita ile ya mwisho mkia. Na sasa nieleze jambo ambalo mtu wa mbali na barabara hawezi kulijua. Kati ya piiiii na pi kuna nafasi. Ni ndogo, hata kupiga chafya haitoshi. Lakini katika nafasi hiyo baba amerudi. Mama anasimama na sufuria mkononi, mimi nasimama na chochote nilichonacho, hata jogoo nafikiri anasimama. Halafu pi. Mama anarudisha sufuria mahali pake na kusema, "Ni yule kijana." Kila wiki mzee wangu alikuwa anarudi na kuondoka bila hata kuteremka.

Shuleni mambo yaliharibika kwa njia ambayo sikuitegemea. Sisi wavulana wa kidato cha pili tuna mchezo wetu wa kutukaniana baba. Baba yako ana kichwa kikubwa hata akivaa kofia ni kama amebeba mtu. Baba yako ni mweusi, akipita mchana kuku wanaenda kulala. Mimi nilikuwa bingwa, na kwa hiyo baba yangu alikuwa mzee aliyetukanwa kuliko wote katika wilaya. Habari zilipofika, matusi yalikatika siku moja kama maji ya mfereji. Namtukana mtu baba yake vizuri kabisa, tusi limeiva, darasa linacheka, na yeye anatazama chini na kusema, "Haya bwana, umeshinda."

Nilimkamata mmoja nyuma ya choo, jirani yangu wa dawati, mtoto wa wavuvi kutoka Sio Port, ambaye hata sweta yake inanuka omena.

"Kwa nini hunijibu siku hizi?"

"Kujibu nini?"

"Nimesema baba yako alioa wavu. Nijibu. Baba yako je?"

"Wacha."

"Sema, baba yako..."

"Baba yako..." akaanza. Akameza mate. "Baba yako ni mzuri tu."

Nikampiga ngumi. Mwalimu wa zamu akatuadhibu wote wawili kufyeka nyasi, na yule kijana alifyeka sehemu yangu pia bila kusema. Ndipo nilipojua hali yangu. Mtu akiheshimiwa ghafula, achunguze kama nyumbani kwake kuna maiti.

Hatukuwa na maiti, na hiyo ndiyo ilikuwa taabu. Kaka mkubwa wa baba, ambaye mimi namwita baba mkubwa, alikuja kutoka Matayos na kiti chake mwenyewe cha kukunja, kwa sababu haamini viti vya watu. Ni mtu anayependa mikutano. Hata akiwa peke yake anafungua kwa maombi. Akakohoa, akasema ukoo umekaa na kuona kwamba mtu hawezi kuachwa hewani. Kwetu, mtu akipotea kabisa, unakatwa mgomba, unafungwa shuka kama mtu, unalazwa kaburini, watu wanalia, wananyolewa, na mambo yanaisha. Roho inapata pa kukaa, na walio hai wanaanza kulala usingizi.

"Na akirudi?" mama akauliza. "Akute amezikwa mgomba?"

"Shemeji, akirudi tutafurahi."

"Wewe utafurahi. Mimi nitamwambia nini? Karibu, kaburi lako lile pale, ngoja nikuwekee maji?"

Baba mkubwa akakohoa tena. Akasema atangoja mpaka mahindi yavunwe. Akiondoka alipitia nyuma ya jikoni, nikamwona anapapasa mgomba mmoja mmoja, anapima unene kwa viganja. Alisimama kwenye mmoja ulionyooka, akautazama toka chini hadi juu. Kusema kweli ulifanana naye baba kidogo, mabegani. Tangu siku hiyo sikuweza kula ndizi za mgomba ule, na mama naye hakuzikata. Zikaiva, zikaliwa na ndege.

Sasa kuna mama mmoja anayepitisha omena nyumba kwa nyumba na karai kichwani. Omena anauza, habari anagawa bure. Alikuja akaketi kwenye kizingiti, akapima omena kwa kikombe, akasema kwa sauti ya kunong'ona inayosikika mpaka kwa jirani, "Dada, usilie bure. Wanasema mzee ana mwanamke Iganga. Wanasema kajenga na nyumba. Madereva, dada! Dereva ana mke kwenye kila kituo cha mafuta."

Mama akamrudishia omena zake, kikombe kizima, hata moja haikubaki. "Nenda nazo," akasema. "Leo zinanuka."

Lakini mimi! Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikaruka juu kama mtu aliyepita mtihani. Mwanamke Iganga! Mbona sikufikiria? Kama ana mwanamke, basi anakula. Anavaa viatu asubuhi, anagombana kuhusu turubai. Habari ya wale askari ni uongo alioutunga pamoja na tanboi. Nadhani nilikuwa mvulana pekee katika Kanisa zima la Mungu aliyepiga magoti kuomba baba yake awe mzinzi. Nilikuwa naomba jioni karibu na zizi la mbuzi, ambako hakuna mtu. Nilisema, "Bwana, hata kama ni wawili. Hata kama ni wanene. Hata kama anawapikia yeye. Afadhali mwanamke."

Nyuma yangu sauti ikasema, "Amina."

Mama alikuwa amesimama na kamba ya mbuzi. Nilitaka ardhi inimeze. Yeye akamfunga mbuzi, akakaza fundo, akasema, "Baba, maji ya kuoga yamekwisha. Nenda mtoni." Ananiita baba kwa sababu nina jina la mzee wake. Hatukuzungumza juu ya jambo hilo tena. Ila kutoka siku hiyo aliacha kununua omena kwa mama yule, lakini akimwona njiani hakumkwepa. Alimpita karibu, pole pole, kama mtu anayengoja kuambiwa zaidi.

Mahindi yakavunwa. Baba mkubwa akatuma neno kwamba atakuja Jumapili na watu wa ukoo, na panga.

Ijumaa, nikiwa nimetoka shule na bado na yunifomu, mwanamke alisimama kwenye ua wetu. Alikuwa amevaa gauni refu la mabega yaliyochongoka, la mtindo wa ng'ambo, lakini lina vumbi mpaka kiunoni. Amevuka mpaka kwa njia za panya, za watu wa magendo ya kahawa. Mkononi ameshika mtoto wa kiume wa miaka kama minne hivi, ana kichwa kikubwa. Nikikitazama kile kichwa, niliona kila tusi nililowahi kutukanwa darasani.

Alipiga magoti kumsalimu mama, kama wafanyavyo wanawake wa ng'ambo ya mpaka. "Nyabo," akasema, yaani bibi kwa lugha yao, "natafuta nyumba ya dreva wa lori la chumvi. Kule kwetu Iganga ananipigia honi chini ya kilima."

"Unayemtafuta ni nani kwako?" mama akauliza.

Yule mwanamke akatazama mtoto.

Mimi moyo wangu ulikuwa unacheza ngoma. Yupo! Iganga ipo! Mama wa omena, nisamehe, ubarikiwe wewe na karai lako! Nilikuwa karibu kuuliza hajambo, ameacha kuvuta sigara, mbona hakuja mwenyewe. Halafu mwanamke akasema, bado yuko magotini:

"Sikuja kwa ugomvi, nyabo. Nilisema, sawa, amechagua mke mkubwa, amekaa kwake Kenya, amenitupa. Nilikaa na hasira yangu. Lakini mtoto anauliza. Nikasema niende, hata anifukuze, nimwone tu kwa macho. Yuko ndani?"

Kuku walikuwa wanachakura mahindi yaliyomwagika. Mwanamke akamtazama mama usoni, kisha mimi, na naona tulimwambia bila mdomo, kwa sababu alikaa chini palepale kwenye vumbi, miguu imenyooka mbele kama mtoto. "Banange," akasema taratibu, kilio cha kwao. "Banange. Mimi nilikuwa namlaani, na huku..."

Kumbe sote watatu tulikuwa tunaomba ombi moja. Mimi namwombea awe Iganga, huyu mwanamke anamtukana kwa kuwa kwetu, na mama katikati anasema amina.

Nilingoja mama alie au ampige. Mama aliinama, akamshika kwapani, akamwinua. "Kaa kwenye kiti," akasema. "Jumapili watu wa ukoo wanakuja. Kuna mgomba. Jambo hilo halifanywi na mke mmoja mwingine akiwa njiani."

"Mgomba wa nini?"

"Utaelezwa. Kwanza unywe maji."

Wakaingia jikoni. Nilisikia wakiulizana maswali madogo, yale ya wanawake. Kule mzee alikuwa anakula nini, mguu wake uliendelea kumuuma, mashati yake yako wapi. Mama alicheka mara moja, kicheko kifupi. Mtoto alikuwa amebaki nje na mimi. Alikuwa amepata kifuniko cha sufuria, amekishika kwa mikono miwili kama usukani, anazunguka ua akibadilisha gia kwa midomo, anatema mate. Hakunitazama. Alikwenda mpaka kwenye mgomba ule ulionyooka, akakata kona, akarudi kuelekea mlango wa jikoni, akafunga breki.

"Pi-pi," akasema. "Piiiii."

Mzee hakubadilisha hata kidogo. Honi ileile kwa nyumba zote mbili.

Ndani, mazungumzo yakakatika. Niliwaona kupitia mlango. Mama alikuwa amesimama tayari na sufuria ya maji mkononi, nusu njia kati ya ndoo na moto, shingo imeelekea barabarani. Mwanamke wa Iganga naye amesimama, mkono kwenye kitambaa cha kichwa, anakirekebisha. Walikuwa wanangoja. Mama alikuwa anangoja mkia. Mkia hauji. Mtoto hajui kuna mkia. Nafasi ile iliendelea kuwa ndefu, na uso wa mama ulianza kufunguka, nikaona vile alivyokuwa kabla sijazaliwa.

Sijawahi kuiga honi ile. Nilisogea mlangoni ili anione.

"Pi," nikasema.

Mama alinitazama. Kisha akaweka sufuria motoni, akachochea kuni, akamwambia mwenzake aketi, chakula hakichukui muda.